Kulenga Shabaha Kwenye Theluji: Mwongozo Kamili kwa Mlengaji Anayetoka Nairobi

Ziro, yaani urekebishaji wa darubini unaofanya risasi ipige pale unapolenga, uliyoipata kwenye viwanja vya shabaha vya Stoni Athi au Kirigiti haivuki bahari. Bunduki itavuka, darubini itavuka, na mkono ni uleule, lakini ziro ni mapatano kati ya risasi na hewa inamopita, na hewa ya kaskazini mwezi wa Januari si hewa ya hapa kwetu. Mlengaji wa Nairobi akialikwa Ufini, Norwei au Kanada majira ya baridi, jambo la kwanza analoulizia ni koti. Koti ni la lazima na nitalifikia. Ila kinachoishusha risasi chini ya shabaha, na zaidi kinachoisukuma pembeni, ni hewa nzito.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni, anayejua tayari kulenga kwenye jua letu, na anayekwenda kupiga shabaha za karatasi au kualikwa kuwinda huko ambako uwindaji ni halali. Hapa Kenya uwindaji wa mchezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo maandalizi yote ya nyumbani ni ya karatasi na vibao vya chuma.

Anza na hewa

Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kawaida ya nyuzi 22, mita moja ya ujazo ya hewa yetu ina uzito wa karibu kilo 0.98. Shuka hadi mji wa pwani ya Ufini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na ujazo uleule una karibu kilo 1.37. Hiyo ni hewa nzito kwa zaidi ya theluthi moja. Risasi yako inaisukuma njia nzima.

Chukua mfano wa risasi ya .308 yenye kichwa cha gramu 10.9, inayotoka mtutuni kwa mita 800 kwa sekunde hapa nyumbani. Baridi itaipunguzia kasi kidogo kwa sababu baruti baridi huungua polepole. Tuseme imepoteza mita 20. Ukifanya hesabu, kwenye mita 100 tofauti haifiki sentimita moja, nawe unaweza kudhani hakuna kilichobadilika. Kwenye mita 300 risasi inapiga chini kwa takribani sentimita 9. Sasa ongeza upepo wa pembeni wa mita 4 kwa sekunde, upepo ambao hata kofia hauiondoi kichwani. Nairobi ungekusogezea risasi sentimita 16 hivi. Kule utaisogeza karibu 24. Ndiyo maana nasema upepo ndio wa kuuogopa zaidi: mshuko wa risasi utaurekebisha mara moja asubuhi na kuusahau, lakini upepo utaulipia kila risasi.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Theluji yenyewe haibadilishi chochote angani. Mtu akienda kulenga kwenye milima ya Lesotho mwezi wa Julai, mita 3,000 na zaidi, atakanyaga theluji na meno yatagongana, lakini hewa ya kule ni nyepesi kuliko ya Nairobi, na hewa hiyo peke yake itaipeleka risasi yake juu kidogo badala ya chini. Kwa hiyo usiulize kama kuna theluji. Uliza mwinuko, nyuzi za joto na kanieneo (shinikizo) halisi ya hewa ya mahali pale, kisha uviingize vitatu hivyo kwenye kikokotoo cha balistiki cha simu yako, yaani programu inayopiga hesabu ya njia ya risasi, kabla hujapanda ndege. Angalizo moja: taarifa za hali ya hewa kwenye simu huonyesha kanieneo iliyorekebishwa kana kwamba uko usawa wa bahari. Ukiingiza namba hiyo pamoja na mwinuko bila kukiambia kikokotoo, utapata hesabu ya mahali pasipokuwepo.

Watumiaji wa bunduki ndogo ya .22 nao wana lao. Kasi ya sauti hapa kwetu kwenye nyuzi 22 ni karibu mita 344 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri inashuka hadi 322. Risasi ya mashindano inayotoka kwa mita 325 hivi, ambayo Nairobi husafiri kimya chini ya kasi ya sauti, inaweza kujikuta kule iko kwenye mpaka wenyewe, na mpaka huo huitikisa. Baruti baridi nayo inaipunguza kasi, kwa hiyo matokeo hayatabiriki mezani. Ndiyo sababu wachezaji wa biathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, wanaopiga .22 kwa mita 50 kwenye shabaha ya milimita 45 wakiwa wamelala na 115 wakiwa wamesimama, hupima mafungu ya risasi (matoleo ya kiwandani) kwenye baridi halisi kabla ya kununua ya msimu.

Karatasi na usafiri

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa taratibu hubadilika na kila nchi ina zake. Kutoka Kenya na silaha kunahitaji kibali cha Bodi ya Leseni za Silaha juu ya leseni uliyonayo, na nchi unayokwenda itataka kibali chake cha kuingiza. Anza mapema kuliko unavyodhani. Mashirika ya ndege hupokea bunduki ikiwa tupu ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, kwenye mizigo ya chini, na risasi hazizidi kilo 5 kwa abiria, zikiwa kwenye vifungashio vyake. Ukipita nchi ya tatu, uliza masharti yake pia. Kubadilisha ndege kumewakwamisha wengi. Ufini na Norwei zina mtihani wa kulenga kwa wawindaji wa wanyama wakubwa, kwa hiyo muulize mwenyeji wako ni cheti gani cha kwetu kinachokubalika.

Maoni yangu: kama ni safari ya kwanza, azima au kodi bunduki ya mwenyeji. Imeshazoea baridi ya kwao, na risasi zake zimeshajaribiwa ndani yake. Beba darubini yako ukipenda, na beba ujuzi.

Mazoezi ya kufanya kabla ya kuondoka

Nenda Gikomba au Toi. Mitumba inayotoka nchi za baridi ndiyo hiyo hiyo utakayoivaa, na makoti ya kuteleza kwenye theluji yanauzwa hapo kwa bei ya chini kwa sababu Mkenya wa kawaida hana kazi nayo. Tafuta jaketi la tabaka la nje lisilopitisha upepo, suruali ya aina hiyo, glovu nyembamba za sufu na glovu nene za kidole gumba pekee za kuvaa juu yake. Usinunue kila kitu kikubwa ukidhani ukubwa ni joto. Joto linatokana na matabaka yenye hewa katikati: fulana isiyo ya pamba mwilini, sweta ya sufu au flisi, kisha jaketi. Pamba ikilowa jasho haikauki na itakugandisha.

Nguo hizo usizipakie kwenye begi moja kwa moja. Zivae nyumbani, hakikisha bunduki ni tupu, hakikisha tena, weka risasi chumba kingine, kisha fanya mazoezi ya kufyatua bila risasi. Kwa .22 tumia risasi bandia ili usiharibu pini inayogonga risasi. Utagundua mambo matatu. Kitako kimekuwa kirefu, kwa kuwa unene wa jaketi umeingia kati ya bega na bunduki. Jicho limerudi nyuma, na duara la darubini lina kivuli cheusi pembeni. Na bunduki yenye mshtuko mkubwa isiposhikwa vizuri begani itakuletea darubini kwenye nyusi. Kama kitako kina vipande vya kuongeza urefu, toa kimoja au viwili. Kama hakina, sogeza darubini hadi uone picha kamili ukiwa umevaa kila kitu, si ukiwa na fulana.

Jua la Nairobi halitakuruhusu kukaa sana ndani ya mavazi hayo. Julai, kukiwa na mawingu na manyunyu ya Limuru, ndio wakati mzuri, na renji nyingi huwa na nafasi kwa sababu watu wamejifungia ndani.

Sasa jaribio la mafuta, ambalo halihitaji bunduki kabisa. Paka tone la mafuta unayotumia kwenye kijiko cha chuma, ulilaze friza pamoja na nyama usiku kucha. Friza ya nyumbani hufika karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Asubuhi kiinamishe kijiko. Mafuta yakiteleza kama kawaida, yanafaa. Yakikaa pale pale, hivyo ndivyo yatakavyokaa kwenye bolti yako, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Grisi nzito tunayoipenda hapa kwa ajili ya unyevu, karibu zote hufeli jaribio hili.

Kuandaa bunduki

Kwa hiyo ondoa mafuta. Toa bolti, ifungue kwa kadiri mtengenezaji anavyoruhusu, na uioshe kwa kiyeyushi hadi chuma kibaki kikavu, hasa ndani kule pini na springi zinakokaa. Mafuta mazito yakiganda humo, pini inakwenda polepole, inagusa fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi) bila nguvu, na risasi haiwaki. Pengine itawaka baada ya kuchelewa sekunde moja. Kifyatulio kikibofya na risasi isitoke, weka mtutu ukiwa umeelekea shabaha, hesabu polepole hadi thelathini, ndipo ufungue bolti.

Baada ya kukausha, paka filamu nyembamba ya mafuta ya sintetiki ya baridi yaliyofaulu mtihani wa kijiko, au unga wa grafaiti pale chuma kinaposuguana. Baridi kavu haileti kutu kwa kasi ya Mombasa. Kifyatulio kikaushe vilevile, ila usikifungue kama hujui ulichokishika. Fundi wa bunduki yupo kwa kazi hiyo.

Kaza skrubu za kitako na za pete za darubini kwa spana ya kipimo, kisha uziwekee alama ya rangi. Chuma, mbao na plastiki husinyaa kwa viwango tofauti, na skrubu iliyokuwa imara Nairobi inaweza kulegea kule. Kwenye sehemu ambapo shavu hugusa chuma, bandika kitambaa au utepe. Ngozi yenye unyevu ikigusa chuma cha nyuzi 20 chini ya sifuri hunasa, na kuibandua ni kuacha ngozi.

Ukungu kwenye vioo

Hili ndilo litakalokuudhi kuliko yote, na ndilo lenye dawa rahisi kuliko yote. Hewa ya joto hubeba mvuke. Ikigusa kioo baridi, mvuke unageuka maji, na kioo kikiwa chini ya sifuri, maji yanageuka barafu. Darubini nzuri zimejazwa naitrojeni au agoni ndani, kwa hiyo ndani zinabaki safi. Ukungu unatoka nje: pumzi yako, mwili wako, na nyumba ya mwenyeji.

Kanuni ya nyumba ni hii: bunduki ikishapoa, ibaki baridi hadi siku iishe. Usiingie nayo ndani kunywa chai kisha utoke nayo. Ukiingia, chuma chote kinalowa, ndani ya mtutu, ndani ya bolti, ndani ya kifyatulio, na ukitoka tena maji hayo yanaganda. Bunduki iliyoganda kifyatulio ni hatari, kwa sababu hujui itakapoachia. Muulize mwenyeji kama kuna kabati la silaha lenye kufuli kwenye banda lisilo na moto. Sheria za uhifadhi zinabaki palepale hata kukiwa na baridi; bunduki haiachwi nje ya mlango kwa sababu ya ukungu.

Kanuni ya pumzi: usipumue kuelekea kioo cha nyuma. Toa pumzi kwa kupindisha midomo pembeni au chini, au inua kichwa, toa pumzi, kisha ushushe shavu. Shali iliyofunika pua na mdomo huelekeza mvuke juu, moja kwa moja kwenye miwani na darubini. Ivute chini unapolenga. Vifuniko vya vioo vikae vimefungwa hadi sekunde za mwisho. Na usipulize kioo ili kukisafisha, jambo ambalo mkono na mdomo hulifanya bila kuulizwa. Tumia brashi laini kwa theluji kavu, kitambaa kikavu kwa maji. Barafu iliyoshika kioo isikwanguliwe. Funga kifuniko na uweke kiganja juu yake hadi iachie.

Virungu vya kurekebishia darubini vinaweza kuwa vizito kuzunguka. Darubini ya zamani yenye grisi nzito ndani inaweza hata kukubali mzunguko na kuchelewa kusogeza alama, halafu ikasogea baada ya risasi inayofuata. Ukishuku hivyo, zungusha kupita unapotaka kisha urudi, na upige risasi ya pili kabla ya kuamini.

Risasi zako

Risasi zote ziwe na joto moja. Basi. Ukiweka tano mfuko wa ndani wa jaketi na nyingine kumi kwenye begi, una aina mbili za risasi zenye kasi mbili, na shimo la juu na la chini kwenye karatasi hutajua limetoka wapi. Mimi napendelea zote ziwe baridi kama hewa ya nje, kwa sababu hali hiyo unaweza kuishika siku nzima, ilhali joto la mfukoni linabadilika kila ukitembea. Ziache nje pamoja na bunduki. Usiache risasi chumbani mwa mtutu uliopata moto ukiwa unasubiri upepo utulie. Itapashwa na itakwenda juu.

Zikaushe. Risasi yenye theluji kidogo kwenye ganda inaingia chumbani na kuyeyuka pale, na risasi ya tatu inagoma kuingia. Magazini ikianguka kwenye theluji, itoe risasi zote na kuipangusa kabla ya kuirudisha.

Ziro upya

Fanya hivi siku ya kwanza, kabla ya mashindano au mawindo.

Toa bunduki nje ikae angalau nusu saa ikiwa mbele ya macho yako, bolti iko wazi, mtutu umefunikwa. Risasi zikae nayo. Angalia ndani ya mtutu kutoka nyuma. Weka shabaha ya mita 100 yenye alama nyeusi kubwa, na nyuma yake weka karatasi ya rangi au mbao. Karatasi nyeupe kwenye ukuta wa theluji haionekani mipaka.

Piga risasi ya kwanza na uiwekee duara kwa kalamu (ya risasi, wino unaganda). Hiyo ni risasi ya mtutu baridi, na kwa mwindaji ndiyo pekee yenye maana. Piga nne zaidi polepole. Tazama kama ya kwanza imejitenga na wenzake. Rekebisha kufuata katikati ya kundi: kwa darubini yenye mibofyo ya robo dakika (dakika ya pembe, si ya saa), kila mbofyo ni karibu milimita 7 kwenye mita 100, na kwa ile ya sehemu moja ya kumi ya milirediani, kipimo kingine cha pembe, ni milimita 10. Acha mtutu upoe, jambo ambalo kule ni la dakika chache, piga tatu, thibitisha.

Kisha nenda mita 200 na 300 kama uwanja upo. Usiridhike na kikokotoo. Kama mita 100 imekuwa sawa na mita 300 risasi iko chini kuliko hesabu, kasi yako ya kutoka mtutuni ni ndogo kuliko uliyoingiza. Punguza kasi kwenye kikokotoo hadi hesabu ilingane na tundu. Andika kila kitu kwenye kijitabu: nyuzi, kanieneo, fungu la risasi. Joto likibadilika kwa zaidi ya nyuzi kumi siku inayofuata, piga tena moja au mbili za kuhakikisha.

Mwili kwenye theluji

Theluji mpya haibebi mtu wala bunduki. Ukilala juu yake unazama, na miguu miwili ya mbele ya bunduki inazama baada yako, mguu mmoja zaidi ya mwingine, hadi alama za darubini zimeinama. Kanyaga sehemu yako yote, ishindilie kwa buti au kwa kijiti cha kutelezea, kisha iache dakika kumi. Theluji iliyoshindiliwa hujishika yenyewe ikiachwa, chembe zinaungana, na inakuwa ngumu kama sakafu. Tandika mkeka wa povu. Bila mkeka viwiko vinayeyusha mashimo na unalowa, na aliyelowa hana siku ndefu.

Chini ya miguu ya bunduki weka kibao au begi lililolala. Mkoba wa mchanga wa nyuma ukilowa utaganda kuwa jiwe, kwa hiyo jaza punje za plastiki badala ya mchanga. Ukipiga ukiwa umelala juu ya theluji laini, upepo wa mdomo wa mtutu utarusha wingu jeupe mbele yako na hutaona risasi imepiga wapi. Shindilia eneo la mbele pia, hatua mbili au tatu. Ukisimama au kupiga goti, vijiti vya kulengea viwe na sahani pana chini.

Kuhusu vidole: kidole cha kufyatulia kisiguse kifyatulio kikiwa ndani ya glovu nene. Huhisi kitu, na utafyatua bila kukusudia. Vaa glovu nyembamba, na juu yake ile nene. Vua ile nene dakika moja kabla ya kulenga, na mkono mwingine ukae ndani ya joto. Kidole kikifa ganzi, acha. Usijaribu kukisaidia kwa kuvuta kwa nguvu. Kiweke kwapani hadi hisia irudi. Kidole kikigeuka cheupe na kigumu bila maumivu, hiyo si baridi ya kawaida tena bali ni ngozi inayoganda: ingia ndani na utafute msaada, na usikisugue kwa theluji hata mzee wa pale akikushauri hivyo.

Kutetemeka hakuwezi kushindwa kwa nia. Misuli inatetemeka yenyewe. Tembea, panda kilima kidogo, kunywa uji wa moto kwenye chupa ya chai, kisha ngoja mapigo ya moyo yatulie kabla ya kulala chini. Mapumziko yawe mafupi na ya mara kwa mara. Pombe haina nafasi siku ya bunduki, na inapoteza joto la mwili hata kama inakudanganya kifuani.

Pumzi yenyewe: hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri ikivutwa kwa pupa huleta kikohozi. Vuta kwa pua, toa nusu, shika, fyatua ndani ya sekunde nne au tano. Macho yakianza kutoa machozi, inua kichwa na uanze upya.

Mwanga, umbali na upepo

Theluji mbichi hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza macho, kwa hiyo jua linakupiga kutoka juu na chini. Vaa miwani yenye kinga kila wakati usipolenga. Siku ya mawingu, lenzi ya njano au rangi ya kahawia hurudisha vivuli ambavyo macho matupu hayavioni.

Umbali ni mtego. Uwanda mweupe usio na miti unafupisha safari ya jicho; kitu cheusi chenye mwanga mzuri huonekana kiko karibu kuliko kilipo, nawe unapiga chini. Tumia kipima umbali cha leza, ukikumbuka kwamba theluji inayoanguka inaweza kurudisha mwale kabla haujafika. Pima mara kadhaa na utupilie mbali namba fupi zisizoeleweka. Betri za alikali hufa haraka kwenye baridi. Weka za lithiamu, na kifaa kikae mfuko wa ndani pamoja na simu.

Upepo hapa tunausoma kwa nyasi, vumbi na mawimbi ya joto juu ya ardhi. Kule nyasi zimefunikwa na vumbi hakuna. Tazama theluji kavu inayotambaa juu ya uso wa ardhi, tazama theluji inayodondoka kwenye matawi, na kama inaanguka, chembe zake ndizo bendera bora uliyowahi kupewa: zinaonyesha upepo wa njia nzima, si wa pale uliposimama pekee. Chembe hizo hazitaigeuza risasi kwa kiasi cha kukuhangaisha. Zinakuzuia kuona tu. Mtutu uliopata moto nao hutoa mawimbi ya joto makali kwenye hewa baridi, yakipanda mbele ya darubini na kuitingisha picha. Utepe wa kitambaa uliovutwa juu ya mtutu, au kungoja, unatosha.

Theluji ndani ya mtutu

Mtutu wenye kizuizi unaweza kuvimba au kupasuka, na theluji iliyoshikamana ni kizuizi. Ukianguka, au mdomo wa mtutu ukigusa theluji hata mara moja, usifikirie. Ondoa magazini, toa risasi, toa bolti, tazama kutoka nyuma kuelekea mwangani. Ukiona giza au kivuli, pitisha kijiti cha kusafishia chenye kitambaa kikavu kutoka nyuma, kisha tazama tena. Usipulize ndani, maana pumzi inaganda kwenye mifereji, na kamwe usijaribu kuisukuma nje kwa risasi.

Kinga yake ni utepe wa umeme, kipande kimoja, juu ya mdomo wa mtutu. Hewa inayotangulia risasi huupasua kabla kichwa hakijafika, na kwa umbali tunaouzungumzia hauhamishi tundu. Beba kadhaa, umezungusha kwenye mtutu wenyewe. Wachezaji wa biathloni wana vifuniko vya bawaba kwa kazi hii, kwa sababu bunduki inakaa mgongoni wakiteleza, nao huvifungua kabla ya kupiga.

Mwisho wa siku

Hakikisha ni tupu ukiwa bado nje. Ifunge ndani ya sanduku ikiwa baridi, ndipo uiingize kwenye nyumba, na usifungue sanduku kwa saa kadhaa. Umande utatua nje ya sanduku badala ya kwenye chuma. Ikishafika joto la chumba, fungua, toa bolti, pitisha kitambaa kikavu mtutuni hadi kitoke kikavu, pangusa kila mahali, acha vifuniko vya darubini wazi usiku. Kesho yake ukitoka tena, ni kavu bila mafuta. Siku ya kurudi nyumbani ndiyo unayopaka mafuta ya kawaida, kwa sababu sanduku litatoka kwenye tumbo la ndege likiwa baridi na kufunguliwa kwenye kaunta ya ukaguzi ya Jomo Kenyatta, mbele ya hewa yenye unyevu, na afisa hatasubiri saa tatu ili chuma kipate joto. Kuwa na kitambaa kikavu mfukoni, na ukifika kwako ifungue, uipanguse tena kabla ya kuifungia kwenye sefu.